Siku Tulipomzika Fuko

Nilipokuwa mtoto kule Asembo, nyanya yangu alikuwa na adui mmoja tu duniani, na uso wa adui huyo hakuwahi kuuona. Kazi yake aliijua. Saa zake za kula alizijua. Akiangalia udongo ulivyotupwa asubuhi, aliweza kukuambia kama jamaa ameshiba au bado anatafuta. Lakini uso, hapana. Alikuwa fuko, na makao yake yalikuwa chini ya viazi vitamu vya Mama.

Nyanya tulimwita Dani, kama Wajaluo wote wanavyowaita nyanya zao. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kitambaa cheupe cha kanisani alichokivaa hata akienda kuchota maji, na ulimi wake haukuwa na likizo. Mama alikuwa mtu wa Port Victoria, Mnyala wa Waluhya, na Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji. Kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, Kiswahili chetu cha ziwani kisichojali ngeli, na kwa lugha hiyo wawili hao waligombana kila siku ya Mungu, Baba akiwa mbali Nakuru kwenye kazi yake ya kupaka rangi majumba.

Hawakuchukiana. Waligombana tu, jinsi watu wanaotumia jiko moja wanavyogombana. Chanzo kikubwa kilikuwa miiko ya Mama, ambayo alikuwa amekuja nayo kutoka kwao pamoja na masufuria yake. Usifagie jioni ukatupa taka nje. Usimruke mtoto aliyelala, hatakua. Mwanamke mwenye mimba asichungulie kaburi lililo wazi, maana kaburi likiona watu wawili ndani ya mtu mmoja huingiwa na tamaa. Dani alikuwa akisikia hayo anacheka mpaka anashika ukuta.

"Hiyo ni ushirikina ya Port," alikuwa akisema. "Sisi hapa tunaomba Mungu."

Lakini ole wako umtangulie Dani kupanda. Mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna mkono uliogusa mbegu kwetu kabla ya mkono wake, kwa sababu mkubwa wa boma ndiye anayeanza, na atakayemruka atajuta. Hiyo, kwake, haikuwa ushirikina. Ilikuwa desturi. Nimeishi na watu wa kila aina tangu wakati huo na nimeona wengi wako vivyo hivyo: ya kwao ni desturi, ya jirani ni ushirikina. Mimi mwenyewe sijajitoa katika hesabu hiyo.

Mwaka ninaousimulia, Mama alikuwa na mimba, na tumbo lilikuwa limefikia mahali pa kumfanya ainuke kwa kushika meza. Alikuwa amepanda viazi vitamu kando ya nyumba yake, upande wa kushoto ukitoka mlangoni, matuta mazuri marefu aliyoyainua mwenyewe kabla hajawa mzito. Viazi hivyo vilikuwa na kazi. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetudanganya, ghala la mahindi lilikuwa likionyesha mbavu zake, na Mama alikuwa ametuambia wazi kwamba akijifungua, viazi ndivyo vitakavyomletea maziwa.

Fuko naye alikuwa na mipango yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: yule mnyama anajua kazi. Hakugusa jani hata moja. Ungesimama ukaangalia marando ya kijani yametambaa mpaka ukutani, ukamshukuru Mungu, kisha ukavuta shina moja likakujia mkononi bila ubishi, chini hakuna kitu. Kila asubuhi kulikuwa na kifusi kipya cha udongo laini, mwekundu, bado una unyevu. Dani alikuwa akisimama mbele yake, mikono kiunoni, na kukitukana kwa Kijaluo ambacho sitakitafsiri.

Alijaribu kila kitu. Alichoma pilipili na mavi makavu ya ng'ombe akapuliza moshi ndani ya tundu, na waliokohoa ni sisi. Alimwaga maji yaliyooshea samaki, yaliyokaa siku kadhaa juani, na wageni wakakoma kututembelea, lakini fuko hakuhama. Mwisho akarudi kwenye mtego wa wazee: ufito unaopindika, waya wa breki ya baiskeli uliofungwa kitanzi, na kijiti cha kuuachia. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Ukimtobolea njia yake, lazima aje kuziba, na akija kuziba anasukuma udongo mbele, anagusa kijiti, ufito unaruka, kwisha maneno. Dani alinifundisha kupaka mikono udongo na majani ya viazi kabla ya kugusa waya, ili fuko asinuse mtu.

Fuko wetu alikuja, akaziba, akaukaba mtego wote kwa udongo kama fundi anayesiliba ukuta, akaenda zake. Ufito ulibaki umeinama mahali pake.

Hapo ndipo Dani alipotupa kitambaa cheupe kando na kuchukua jembe.

"Leo mimi na yeye," aliniambia. "Akinyi, leta beleshi."

Ilikuwa likizo ya Aprili, asubuhi ya jua kali. Mama alikuwa amelala ndani kwa sababu miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na kichwa kilikuwa kinamuuma. Tulianza katikati ya shamba, tukaifuata njia ya fuko. Ilikuwa nyembamba, imelainishwa kwa mwili wake, na ilizunguka kidogo halafu ikanyooka kuelekea nyumba, ikizidi kwenda chini. Dani alichimba, mimi nikatupa udongo. Alichimba bila kuinua macho, akiongea na fuko njia nzima, akimwuliza kama alidhani atakula jasho la watu mpaka lini. Hasira ikikushika hivyo huoni unachokijenga, unaona unachokifukuza tu.

Karibu na nyumba njia ilizama zaidi, na jembe likawa halifiki vizuri. Mimi nilikuwa mwembamba. Nikaingia, nikalala kifudifudi ndani ya shimo, nikapenyeza mkono ndani ya tundu hadi begani. Kulikuwa na joto huko ndani. Nikagusa nyasi kavu, kisha vitu vigumu, vya mviringo, vingi, vimepangwa.

"Dani!" nilipiga kelele. "Nimeshika viazi! Ameweka ghala!"

Kivuli kikaniangukia mgongoni. Niligeuza kichwa. Mama alikuwa amesimama ukingoni, mkono mmoja chini ya tumbo, ananitazama. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu.

"Akinyi, toka," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Toka humo sasa hivi."

Nilipanda juu. Na niliposimama pembeni yake nikaona alichokuwa akikiona. Shimo lilikuwa refu kiasi cha mtu kulala, kingo zake zimenyooka kwa jembe la Dani, udongo wote umerundikwa upande mmoja. Na lilikuwa kushoto kwa nyumba ya Mama. Kwetu mwanamke aliyeolewa akifa huzikwa kushoto kwa nyumba yake. Kila mtoto wa Asembo anajua hilo, kama anavyojua mkono wa kulia.

"Mama," Mama alimwambia Dani, "hii umenichimbia nini?"

"Fuko," Dani alisema. "Nimechimba fuko. Si uliniambia viazi vinaisha?"

"Hapa? Kwa hii upande?"

"Ni fuko ndiye amechagua njia! Mimi nimemfuata tu."

Mama aliketi chini pale pale, polepole, akasema anaona nyota. Jirani yetu mzee, Nyar Alego, yaani binti wa Alego, maana ndivyo wake walivyoitwa kwa mahali walipozaliwa, alikuwa amesikia kelele na kupita kwenye uzio. Alilitazama shimo, akamtazama Mama, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Min Ochieng," alimwita Dani kwa jina la mwanawe, baba yangu, "hii shimo ni ya mtu."

Dani alimwambia afunge mdomo. Lakini lilikuwa limeshasemwa, na Mama alikuwa ameshalisikia.

Shangazi Beldina, dada yake Baba, aliitwa, akamchukua Mama kwa pikipiki hadi hospitali, yeye nyuma akimshikilia na dereva akienda mwendo wa kobe. Nilikimbia nyuma yao hadi barabarani. Mama hakugeuka. Najua sasa kwamba hakuweza, kichwa kilikuwa kinampasuka, lakini siku ile niliona ni kwa sababu aliniona ndani ya shimo na hataki kuniona tena. Niliogopa vibaya.

Niliporudi, Dani alikuwa ameshika beleshi, yuko tayari kulifukia. Nyar Alego alikuwa amesimama juu ya rundo la udongo, hasogei.

"Kaburi ikishachimbwa haifungwi bila kitu," alikuwa akisema. "Ukifukia hivyo tupu, itatafuta mwenyewe. Tafuta yago, Min Ochieng. Tuzike yago."

Yago ni lile tunda refu na zito la mwegea linaloning'inia kwa kamba yake. Mtu akizama ziwani na maji yakakataa kumrudisha, kwetu huzikwa yago badala yake, ili familia ipate mahali pa kulilia. Nilikuwa nimeona mazishi ya namna hiyo, na watu walilia kweli.

"Yago inazikwa na jina," Dani alisema. "Hapa nizike jina la nani? Wewe unipe jina. Sema."

Nyar Alego mwenyewe hakutaka kutaja mtu mbele ya lile shimo. Mwisho walikubaliana kitu kimoja tu, kwamba lifunikwe kwa mabati hadi kesho, kila mtu akafikirie kwake.

Asubuhi simu ya Dani ililia tukiwa bado hatujanywa chai. Alikuwa na kile kisimu kidogo cha vibonyezo alichokifunga shingoni kwa uzi, na kwa vile masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka, aliongea kwa spika siku zote. Kwa hiyo nilisikia yote. Shangazi alisema presha ya Mama imepanda na haishuki. Wamempa dawa, haishuki. Muuguzi amesema lazima atulie, apumzike, lakini hajafumba macho tangu afike, anauliza kitu kimoja tu, shimo limefanywa nini.

"Mwambie aache mambo ya shimo na azae mtoto," Dani alisema.

"Mama, nimemwambia. Anataka akuongeleshe."

Kukawa na mkwaruzo, kisha nikasikia pumzi za Mama. Sikuwahi kujua kwamba unaweza kumtambua mtu kwa pumzi tu.

"Mama," alisema. "Msifukie tupu. Tafadhali. Nakuomba."

Dani alikuwa na jibu la kila kitu. Nilimsubiri acheke. Nilimsubiri aseme habari ya ushirikina wa Port. Aliitazama simu mkononi mwake muda mrefu, mpaka Mama akauliza kama bado yuko.

"Niko," Dani alisema. "Kwenu wakichimba hivyo kwa makosa, wanazika nini?"

"Mgomba," Mama alisema. "Shina ya mgomba."

"Haya. Nimesikia. Wewe lala."

Nyar Alego alipoambiwa alikasirika. Alisema udongo huu ni wa Wajaluo na unajua yago, mgomba ni mambo ya Waluhya, udongo hautaelewa. Dani tayari alikuwa akinoa panga kwenye jiwe la mlangoni.

"Anayeogopa ni udongo ama ni mke wa mwanangu?" alimwuliza. "Dawa inatoka kwa mwenye ugonjwa."

Asembo si nchi ya migomba. Jua letu halina subira nayo. Boma letu lilikuwa na mgomba mmoja tu, nyuma ya bafu la mabati, ambao Dani aliulea kwa maji ya kuogea tangu sijaanza shule, akitufukuza tusiuguse, akiuzungushia miiba mbuzi wasiufikie. Mwaka ule kwa mara ya kwanza ulikuwa umeshika mkungu. Kila Jumapili kabla ya kanisa alikuwa akipita kuutazama, anahesabu vidole vyake kwa macho, anaondoka akitabasamu peke yake.

Aliukata. Nilikuwa nimesimama karibu. Alilipiga shina panga mara kadhaa, maji yake yakamrukia usoni na kwenye nguo, ukaanguka na mkungu wake mchanga ukagonga ukuta wa bafu. Dani alijifuta uso kwa mkono, akaniambia nishike upande wa juu.

Watu wa kijiji hawahitaji mwaliko mkiwa na shimo na mmebeba kitu. Tulipofika upande wa kushoto wa nyumba, wanawake walikuwa wameshaanza kuingia kwa lango, wengine na majembe, mmoja na mtoto mgongoni, wakiuliza nani amefariki. Nyar Alego, ambaye hasira zake hazikuwahi kumzuia kuhudhuria kitu, alikuwa mbele kabisa. Alikuwa hata ameleta shuka kuukuu. Tukaufunga mgomba ndani ya shuka na kuushusha.

Dani alivaa kitambaa chake cheupe. Akaniambia nipige simu ya Shangazi, niseme waweke karibu na sikio la Mama, kisha nipige magoti ukingoni na kuishikilia juu ya shimo.

"Unazika nani, Min Ochieng?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa heshima, maana lazima jina litajwe.

Niliona Dani akifikiri. Halafu akaitazama simu mkononi mwangu na kupaza sauti ili isikike hadi hospitali.

"Leo tunazika fuko," alisema. "Fuko wa hapa kwetu. Alikuwa mwizi, alikula viazi ya mama mjamzito, hana mtu wa kumlilia. Shimo ni yake, amechimba mwenyewe. Mungu Baba, pokea fuko, na uache watu wetu wote hapa juu. Amina."

"Amina," walisema wote, na nikasikia kicheko kimeanza mahali fulani kikazimwa kwa kofi.

Wakaanza kufukia. Mkono wenye simu sikuushusha. Udongo wa kwanza ulipiga mgomba kwa kishindo kizito, kisha mwingine, kisha mwingine. Kutoka kwenye simu sikusikia chochote. Walipofika juu na kuanza kushindilia kwa miguu, Shangazi akasema polepole, "Akinyi, kata simu. Amelala."

Nililia hapo. Nililia kwa sauti, na wanawake wasiojua habari wakadhani ninamlilia fuko, na kicheko kilichozimwa kikapata njia. Hata Nyar Alego alicheka, akaketi chini akitingisha mabega. Kisha kwa kuwa walikuwa wameshafika, na majembe yalikuwa mkononi, waliinua tena matuta yaliyobomolewa, wakarudisha marando ardhini, na Dani akapika ndizi changa za ule mkungu ndani ya sufuria kubwa wakala. Hazikuwa tamu. Dani alizila huku akitazama mbali.

Mvua ilianza kabla ya alfajiri ya siku iliyofuata, na mdogo wangu akazaliwa ikiwa bado inanyesha, kwa hiyo akaitwa Akoth. Alikuwa mdogo kama samaki wa kukaanga, akiwa na sauti ya mtu mzima. Presha ya Mama ilikuwa imeshuka akiwa usingizini. Muuguzi alisema ni dawa ndiyo iliyofanya kazi. Nyar Alego alisema ni mgomba, na baada ya miaka kadhaa akasema ni yeye aliyeshauri. Mimi sina ugomvi na muuguzi. Bila yule muuguzi na dawa zake pengine ningekuwa naandika habari nyingine.

Mama aliporudi nyumbani na mtoto, hakuingia ndani moja kwa moja. Alikwenda upande wa kushoto. Dani alijaribu kumzuia kwa habari za chai na maji ya moto, na nikajua kwa nini, kwa sababu asubuhi ile tulikuwa tumeona kitu na kuamua kumficha. Juu ya mahali tulipofukia, katikati kabisa, kulikuwa na kifusi kipya cha udongo mwekundu, laini, bado una unyevu.

Mama alisimama akakitazama. Mimi nilishika sketi yangu kwa mikono miwili.

"Mama," akamwambia Dani, "marehemu amefufuka."

Na akacheka. Alicheka akimkumbatia Akoth ili asimwangushe, machozi yakamtoka, na Dani akacheka hadi akashika ukuta kama zamani, isipokuwa safari hii hakuna aliyechekwa. Waliweka mtego pamoja juma lile. Mama ndiye aliyemkamata fuko, kwa sababu alikuwa na wazo la kutoboa njia mahali pawili ili apate wasiwasi, na hatimaye Dani akauona uso wa adui yake. Alikuwa mnene, wa kahawia, mwenye manyoya mazuri na macho madogo mithili ya mbegu. Dani alimtazama kwa muda. "Kumbe ni wewe," alisema tu.

Nimekuwa mtu mzima, naishi Kisumu, nimesoma vya kutosha kujua kwamba hofu hupandisha presha na usingizi huishusha. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo maana ya kisa chote, na nilikisimulia hivyo kwa marafiki, tukacheka. Likizo moja nikamwuliza Dani kama siku ile alikuwa ameanza kuliogopa shimo. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama ziwa lina maji.

"Shimo niogope nini? Nilichimba mwenyewe," alisema. "Niliogopa yule msichana, vile alisema tafadhali. Tangu aolewe hapa hajawahi kuniomba kitu."

Basi. Hakuamini, wala haamini hadi leo. Lakini alisikia hofu ambayo haikuwa yake, katika desturi ambayo aliicheka miaka yote, na akaenda akakata kitu alichokipenda kuliko vyote katika boma lile. Ninapokutana na mtu anaogopa jambo ninaloliona la kipuuzi, huwa najaribu kukumbuka kuuliza kwanza kwao wanafanya nini, kabla sijaanza kueleza ninachokijua. Sifaulu kila mara. Nina ulimi wa Dani.

Fuko wengine wamekuja tangu hapo na wengine wamenaswa, na vita vinaendelea, sasa vikiongozwa na Akoth, ambaye ameweka mitego kila kona na hamwogopi mtu. Viazi vitamu bado hupandwa pale pale kushoto kwa nyumba. Udongo ulichimbwa kwenda chini sana na mgomba umeoza ndani yake, kwa hiyo hakuna mahali katika boma panapotoa viazi vikubwa kama pale. Mama huvichimba mwenyewe kwa mikono, hataki jembe livikate. Hupiga magoti juu ya mahali alipodhani watamlaza, kanga imefungwa kiunoni, udongo umefika kwenye viwiko, na ukimwambia inatosha, ainuke apumzike, anakujibu kwamba bado, kuna kimoja kikubwa anakisikia chini ya vidole.